Nyumba Isiyoacha Gofu: Kuisoma Nyumba ya Matofali ya Shamba la Kiingereza kutoka Kutulo

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana mazoea ya kuitazama nyumba kwa jicho la gofu. Mazoea haya hayakuzuka bure. Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, umetufunza tangu darasani kwamba majumba ya mawe ya Pate yaliyoporomoka ni hoja kamili: ukuta uliobomoka humshuhudia aliyekuwamo, na zidaka tupu husimulia vyombo vilivyokuwa vimepangwa ndani yake. Riwaya nayo imefuata njia hiyo kwa namna yake. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi Adam amelifanya jengo kuwa sura ya tabaka; katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed ameifanya nyumba ya Bwana Maksuudi kuwa kifungo cha mke na binti. Kazi hizi zinatofautiana kwa kila hali, lakini zote zinakubaliana juu ya jambo moja ambalo hazikuona haja ya kulitamka: nyumba ni kitu kizito kinachokaa mahali pamoja, na uzito huo ndio unaoipa maana.

Insha hii inakusudia kuuliza swali dogo linalotokana na mazoea hayo. Je, nyumba isiyo na uzito, ambayo wenyewe wakiondoka haiachi gofu wala msingi, itasomwaje? Swali hili linanihusu. Nilizaliwa Kutulo, kwenye njia itokayo Wajir kwenda El Wak na Mandera, katika nyumba iliyobebwa na ngamia. Ninafundisha fasihi ya Kiswahili, na kwa miaka mingi nimewaeleza wanafunzi ishara za nyumba za mawe bila ya kupata katika uhakiki wetu hata istilahi moja ya kuielezea nyumba niliyozaliwa.

Ili kulijibu swali hili, nimechagua kuanza na nyumba ambayo kwa sifa zake ni kinyume cha aqal ya Kisomali, nayo ni nyumba ya matofali ya shamba la Kiingereza. Nimeichagua kwa sababu imepata riwaya yake, Howards End ya E. M. Forster, iliyochapishwa mwaka 1910, na kwa sababu wengi wetu tulipoisoma chuoni tulifundishwa kuiona kama mfano wa utulivu na urithi. Hoja yangu ni kwamba nyumba hiyo ikichunguzwa vizuri, kwanza kama jengo na kisha kama matini, inaonekana kuwa haikusimama kwa matofali peke yake. Imesimama pia juu ya karatasi, na ndani kabisa imesimama juu ya neno la mwanamke mmoja. Hapo ndipo inapokutana na nyumba za kwetu.

Nyumba ya mkulima na mkono wa mwashi

Nyumba ya shamba ya Kiingereza haikuanza kuwa ya matofali. Kwa karne nyingi, katika sehemu nyingi za nchi hiyo, nyumba ya mkulima ilikuwa kiunzi cha mbao, hasa za mwaloni, na nafasi iliyokuwa baina ya nguzo ilijazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Msomaji wa pwani au wa bara hahitaji maelezo zaidi. Ukuta wa fito na udongo anaujua. Katikati palikuwa na ukumbi ulio wazi mpaka kwenye paa, moto ukiwaka sakafuni na moshi ukijitafutia njia ya kutokea juu.

Mwanahistoria W. G. Hoskins, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1953, alieleza kwamba kati ya mwaka 1570 na 1640 hivi nyumba nyingi za mashambani zilijengwa upya au kugeuzwa. Wataalamu waliomfuata wamebishana naye kuhusu miaka na maeneo, lakini mabadiliko yenyewe yanajulikana. Dohani ya matofali ilisimamishwa ndani ya nyumba ya mbao. Moshi ulipokwisha kupata njia yake, ukumbi uliweza kutiwa dari, na juu ya dari vikapatikana vyumba vya kulala. Kwa njia hii tofali liliingia katika nyumba nyingi za wakulima kupitia mekoni, kabla ya kutoka nje na kuwa ukuta. Katika karne zilizofuata, mkulima aliyepata nafasi alijenga kuta za matofali matupu, au aliufunika uso wa mbao kwa ukuta mpya wa matofali ili nyumba ilingane na wakati. Ndiyo maana nyumba ambayo mpita njia huiona kuwa ya karne ya 18 huenda ikawa na kiunzi cha karne ya 16 ndani yake.

Tofali lenyewe lilikuwa mwana wa mahali pake. Udongo wa mfinyanzi ulichimbwa karibu, ukakandwa, ukatiwa katika kalibu ya mbao, ukaanikwa, kisha ukachomwa. Wekundu wake ulitokana na chuma kilichomo katika udongo, na kwa hiyo rangi ya nyumba ilikuwa rangi ya ardhi ya jirani iliyopitia motoni. Kipimo chake nacho kilikuwa cha mwilini: upana wa tofali ni upana ambao mkono mmoja wa mwashi unaweza kuukamata, huku mkono wa pili ukishika mwiko. Mpango wa safu ulikuwa na sarufi yake. Katika mtindo unaoitwa wa Kiingereza, safu moja huonyesha mbavu za matofali, na safu inayofuata huonyesha vichwa. Katika ule unaoitwa wa Kiflemi, ubavu na kichwa hupokezana ndani ya safu moja. Mwashi hakupanga hivyo kwa ajili ya pambo tu. Kichwa ni tofali lililolazwa kukata unene wa ukuta, nalo hufunga uso wa nje na wa ndani visiachane.

Dola nayo iliandika juu ya ukuta huo. Kodi ya madirisha ilitozwa kuanzia mwaka 1696 mpaka 1851, na mpaka leo yapo madirisha yaliyozibwa kwa matofali katika nyumba za zamani. Kodi ya matofali ilitozwa kuanzia mwaka 1784 mpaka 1850, na kwa kuwa ilihesabiwa kwa idadi, baadhi ya wachomaji walitengeneza matofali makubwa zaidi. Anayeijua historia hiyo huusoma ukuta kama tunavyousoma ushairi wa enzi fulani, akitafuta katika vipimo alama za mamlaka iliyokuwapo.

Hata hivyo, jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi ni ukarabati. Chokaa iliyofunga matofali ya zamani ni laini kuliko tofali. Huliwa na mvua na baridi, na baada ya muda hukwanguliwa na kujazwa upya. Vigae hubadilishwa, mbao zilizooza hukatwa na kuungwa, na dohani hujengwa tena. Nyumba yenye miaka 300 haikukaa miaka 300. Imetengenezwa na kutengenezwa tena na vizazi vya watu waliokuwa na sababu, fedha na haki ya kuitengeneza. Tunachokiita kudumu ni kazi hiyo ya kurudiwarudiwa, na mara nyingi huwa hatuioni kwa sababu ukuta umesimama mbele yake.

Nyumba ya Bi Wilcox

Forster aliijua nyumba ya namna hii kwa kukaa ndani yake. Kati ya mwaka 1883 na 1893 aliishi na mama yake Rooks Nest, karibu na Stevenage katika jimbo la Hertfordshire, na nyumba hiyo ndiyo iliyompa kielelezo cha Howards End. Baba yake, aliyefariki mwaka 1880, alikuwa msanifu majengo. Mama na mtoto walikuwa wapangaji, na ilibidi wahame. Ni vyema msomaji akumbuke kwamba riwaya hii ya urithi wa nyumba iliandikwa na mtu ambaye nyumba ya utoto wake haikuwa mali yake.

Riwaya inaanza kwa barua ya Helen Schlegel kwa dada yake Margaret, na sehemu kubwa ya barua hiyo ni maelezo ya nyumba: ni ya matofali mekundu, ni ya zamani na ni ndogo, ukumbi wake ni chumba hasa, kushoto na kulia kuna vyumba vya kulia na kupumzikia, ngazi imefichwa nyuma ya mlango, vyumba vitatu vya kulala viko kwa safu, na vyumba vingine vitatu viko juu yake chini ya paa. Upande wa mbele una madirisha tisa. Ubavuni kuna mti mkubwa, na baadaye tunaelezwa kwamba shina lake limepigiliwa meno ya nguruwe, kwani watu wa kijijini waliamini kwamba kutafuna gome lake huponya jino. Hii ni nyumba ya mkulima iliyogeuzwa kuwa makazi ya watu wenye mali. Shamba lenyewe limepungua, na mazizi yametoweka au yamebadilishiwa kazi.

Mwenye nyumba ni Ruth Wilcox. Alizaliwa humo, na shamba lilikuwa la jamaa zake. Mume wake, Henry, aliiokoa isianguke kwa kutoa fedha ya ukarabati, lakini haipendi wala haielewi. Kwake ni jengo dogo lisilofaa sana, mahali pa kuwekea gari. Anapofariki, Ruth anaacha kijikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi akitaka nyumba iwe ya Margaret Schlegel, rafiki aliyemjua kwa muda mfupi. Jamaa wa Wilcox wanakaa, wanakijadili kijikaratasi hicho kama wanavyojadili shauri la biashara, wanaona kwamba hakina nguvu ya kisheria, na wanakichoma moto. Margaret haambiwi lolote. Hata hivyo, kwa mzunguko mrefu wa ndoa, kifo na kifungo, nyumba inamfikia, na katika kurasa za mwisho ndipo anapopata kujua kwamba tangu zamani aliachiwa.

Wahakiki wamelisema mengi suala la fedha za Henry Wilcox, na halifai kupuuzwa na msomaji wa Afrika. Kampuni yake inafanya biashara ya mpira, na jina lake linataja himaya na Afrika ya Magharibi. Edward Said alituonyesha mwaka 1993, alipoisoma Mansfield Park ya Jane Austen, kwamba utulivu wa nyumba ya Kiingereza ya mashambani ulilishwa na mashamba ya ng'ambo. Katika Howards End kiungo hicho kiko wazi zaidi: chokaa iliyorudishwa baina ya matofali ya Hertfordshire ililipiwa, angalau kwa sehemu, na utomvu wa miti ya Afrika. Kwa hiyo tunaposema kwamba nyumba ile ni zao la udongo wa mahali pake, tunasema ukweli nusu.

Yuko pia mtu asiyepata nafasi katika nyumba hii. Leonard Bast ni karani maskini wa London, mpangaji wa chumba cha chini, na Forster anatueleza kwamba ni mjukuu wa watu wa shamba, mchunga kondoo au mlima kwa plau, ambao mji uliwameza. Leonard anafika Howards End mara moja tu. Anapigwa kwa ubapa wa upanga, kabati la vitabu linamwangukia, naye anafariki. Mwanawe aliyezaliwa na Helen ndiye atakayerithi. Wengi huusoma mwisho huu kama suluhu ya matabaka. Mimi, kila ninapoufundisha kwa kuulinganisha na riwaya zetu, hukwama hapo hapo: mjukuu wa mchungaji ameingia ndani ya nyumba ya kudumu kwa kufa, chini ya vitabu ambavyo alikuwa amevitamani maisha yake yote.

Aqal na mgongo wa ngamia

Sasa tuigeukie nyumba ya Kutulo. Aqal, ambayo Wajir na Mandera wengine huiita herio, ni nyumba ya mviringo yenye paa la kuba. Kiunzi chake ni fito ndefu zilizopindwa, zinazotokana na mizizi na matawi ya miti ya jamii ya migunga, na juu yake hufungwa mikeka mizito iliyosukwa kwa nyasi na nyuzi za magome. Ndani, sehemu ya nyuma ni ya kulala na kuwekea vitu vya thamani. Sehemu ya mbele ni ya moto na wageni. Kinachoning'inia ukutani, hasa vibuyu na vyombo vya maziwa, ndicho hufanya kazi ya zidaka za Lamu. Nje huwa na boma la miiba kwa ajili ya mifugo.

Aqal ni kazi ya wanawake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wao ndio wanaosuka, wanaopinda fito, wanaojenga na wanaobomoa. Nyanya yangu mzaa mama hakuruhusu mwanamume kugusa kamba za fito zake. Kazi ya mwanamume ilikuwa kumshika ngamia. Msichana anapokaribia kuolewa, mama yake na jamaa zake wa kike humwandalia mikeka na vifaa vya nyumba, na aqal hiyo huwa ni yake. Mume huingia katika nyumba ya mkewe. Asemaye kwamba mfumo wetu ni wa kuumeni, kwa maana ya nasaba, amesema kweli. Lakini mwenye nyumba ni mwanamke.

Kama tofali lilivyopimwa kwa mkono wa mwashi, aqal imepimwa kwa mgongo wa ngamia. Urefu na mpindo wa fito, uzito wa mikeka na idadi ya vyombo vyote hutegemea kile ambacho mnyama anaweza kukibeba. Siku ya kuhama, fito zile zile zilizokuwa paa hufungwa juu ya ngamia zikawa kitako cha mizigo, na mikeka iliyokuwa ukuta huwa tandiko na kivuli cha watoto. Nyumba haiachwi nyuma, wala haifi, inabadilika kazi. Ni hapo pia ndipo panapotupa fursa ya kulinganisha na pwani. Upana wa chumba katika nyumba ya mawe ya Lamu umewekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko, na katika familia za mji huo ilikuwa desturi binti aolewapo apewe nyumba, au aongezewe ghorofa juu ya ile ya wazazi. Basi tuna nyumba tatu zenye vipimo vitatu, mkono, boriti na ngamia, na katika zote tatu, tukiihesabu ya Ruth Wilcox, haki ya ndani ya nyumba inapita kwa mwanamke hata pale ambapo sheria ya nje inazungumza na mwanamume.

Kuna fasihi inayokwenda pamoja na kazi hii. Wanawake wa Kisomali wana nyimbo za kusuka mikeka, za kupakia ngamia na za kusukasuka maziwa. Axmed Cali Abokor alizishughulikia katika kitabu chake cha 1993 kuhusu nyimbo za kazi za wafugaji wa Kisomali, akaonyesha kwamba mwanamke asiye na nafasi ya kusema barazani husema humo, kwa mnyama au kwa mkeka, maneno ambayo mumewe amekusudiwa kuyasikia. Labelle Prussin naye, katika utafiti wake wa usanifu wa wahamaji wa Afrika uliochapishwa mwaka 1995, alisisitiza kwamba nyumba hizi ni usanifu kamili, na kwamba zilipuuzwa kwa sababu mbili: zinahama, na zinajengwa na wanawake. Mhakiki wa fasihi simulizi ataitambua hali hii mara moja. Ni yale yale yaliyosemwa zamani kuhusu ushairi usioandikwa.

Neno na karatasi

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba ninatetea uzuri wa kuhama dhidi ya uzito wa kukaa. Sivyo. Kuhama hakukuwa na maana moja siku zote katika nchi yetu, na kukaa vilevile.

Dola ya kikoloni iliwaona wafugaji wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa watu wa kuzuiwa. Sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, na ile ya 1934 ya wilaya maalumu, ziliweka mipaka ya nani aingie na nani atoke. Baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo mnamo Desemba 1963, na kuanzia mwaka 1966, wakati wa vita vya Shifta, watu walilazimishwa kukaa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Fito za aqal zilisimama mahali pamoja kwa amri. Mifugo mingi ilikufa au iliuawa. Sheria za hali ya hatari ziliondolewa mwaka 1991 tu. Kisha, kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, na katika Wajir na Mandera familia nyingi zilibaki bila ya mnyama wa kuzibebea nyumba. Ukiiona pembezoni mwa mji aqal iliyofunikwa kwa maturubai, magunia na makaratasi ya maboksi, usidhani kwamba mwenyewe ameamua kutulia. Huenda ngamia wake amekufa. Huko Hertfordshire nyumba isiyohama ilikuwa dalili ya ustawi. Kwetu imekuwa mara nyingi alama ya hasara.

Lakini karatasi inaitaka nyumba isiyohama. Katika mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walifanyiwa uchunguzi wa pekee wa uraia wao, na hata baadaye kijana wa eneo letu aliyeomba kitambulisho alipitia kamati ya kumsaili ambayo kijana wa sehemu nyingine hakuijua. Rais alitangaza mwaka 2025 kwamba usaili huo umeondolewa. Mimi niliupitia nilipotimiza umri. Katika ofisi moja niliulizwa nyumba yetu iko wapi, na nilipotaja kisima tulichokuwa tukirudi kwake kila kiangazi, niliambiwa kwamba kisima si nyumba. Baba yangu alileta wazee watatu. Wazee hao waliweza kutaja mababu zangu kwa kurudi nyuma vizazi vingi, na waliweza kusema ni mvua ipi mama yangu alikuwa ametua wapi. Karani aliwasikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama wana barua.

Ni tukio dogo, na maelfu ya wenzangu wamepatwa na makubwa kuliko hilo. Nimelitaja kwa sababu ndilo linaloifanya meza ya jamaa wa Wilcox kuwa karibu nami kuliko inavyopasa kuwa kwa msomaji wa mbali. Wao pia hawakuwa watu wabaya kupindukia. Waliuliza maswali ya karatasi: imeandikwa kwa nini, imepitia kwa nani, ina nguvu gani mahakamani. Neno la Ruth lilishindwa katika mtihani huo, likachomwa. Ila Forster, aliyekuwa mpangaji, hakukubali liishie hapo. Aliipanga riwaya nzima ili neno lililokosa sheria lifike linakokwenda, na kwa kufanya hivyo alikiri kwamba nyumba ya Kiingereza, pamoja na matofali yake, hati zake na madirisha yake tisa, haina msingi mwingine wa haki ulio imara kuliko mtu kusema na wengine kukubali kuwa mashahidi. Tofauti kati ya Howards End na aqal ya nyanya yangu iko katika nani anayeombwa kuthibitisha. Kwa matofali, ushahidi hudhaniwa umo ukutani. Kwa fito na mikeka, ushahidi umo katika watu, na watu hupimwa kwa mashaka.

Karatasi yenyewe si adui. Uingereza ilianza kuorodhesha majengo yake ya kihistoria kwa utaratibu wa sheria ya mwaka 1947, na Rooks Nest ni mojawapo ya majengo yanayolindwa hivyo, ingawa Stevenage iliyo jirani yake ilikuwa imetangazwa kuwa mji mpya mwaka 1946 na imepanuka sana. Kenya ilipitisha Sheria ya Ardhi ya Jamii mwaka 2016, ambayo inaitambua ardhi inayotumiwa na wafugaji kwa pamoja. Hatua ya namna hii ni ya maana, kwa kuwa inakubali kwamba mtu anaweza kuwa wa mahali bila ya kuujengea ukuta. Kilichobaki ni kwa wasomaji wa matini, nasi tumo, kukubali jambo lile lile.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba istilahi ya kudumu, ambayo uhakiki wetu huipima nyumba kwayo, imechanganya mambo mawili: kudumu kwa kitu, na kudumu kwa utaratibu wa kukifanya. Nyumba ya matofali ya shamba la Kiingereza huonekana kuwa mfano wa kudumu kwa kitu, kumbe tofali, chokaa na kigae vimekuwa vikirudiwa kwa karne nyingi. Aqal hudumu kwa utaratibu peke yake, naye fundi wake, kama mghani, haachi nakala ila kwa yule aliyemfunza. Baina ya mbili hizi tofauti ni ya kiasi, si ya aina.

Haifai kumaliza kwa kuitamani aqal. Mama yangu anaishi Kutulo katika nyumba ya mawe yenye paa la mabati, na hana nia ya kurudi chini ya mikeka. Anasema mvua haiingii, na nyoka pia. Nyumba hiyo ni yake, na ndiye aliyesimamia mafundi. Ninachokipendekeza kinawahusu wale tunaofundisha. Mwanafunzi kutoka Wajir, Garissa au Mandera anapoletewa swali la mtihani linalomtaka aeleze ishara ya nyumba katika fasihi, isiwe lazima kwake kuazima gofu la Pate ili apate alama. Nyimbo za kusuka mikeka zikusanywe pamoja na mikeka yenyewe, kwa hatua zake na majina ya sehemu zake, na zitafsiriwe kwa Kiswahili na wale wanaozijua lugha zote mbili. Na tunapoisoma upya Howards End pamoja na Utengano, tuanze kwa kuuliza nani aliyetamka kwamba nyumba ni ya nani, na nani aliyekataa kumsikiliza. Swali hilo linafaa kwa matofali, kwa mawe ya matumbawe na kwa fito.